Wingu binafsi: Nani analihitaji, nani anajitwisha mzigo?

JUMAPILI ya Mei 12, 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Katika hali kama ile, kampuni iliyoweka hesabu zake katika seva za Cape Town au za Ulaya hupoteza zaidi ya barua pepe. Karani wa Kariakoo hushindwa kujua kilichomo katika ghala lililo nyuma ya mgongo wake.

Hoja hiyo ndiyo inayowapa nguvu wauzaji wa kile kinachoitwa wingu binafsi, yaani seva zinazogawanywa kwa programu kama zile za Amazon au Microsoft, lakini zikimtumikia mteja mmoja tu, ama ndani ya jengo lake au katika kituo cha data alichokodi.

Hoja ya pili ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Hapa wauzaji hutia chumvi. Sheria hiyo haikupiga marufuku kupeleka taarifa nje ya nchi, imeweka masharti. Anayeambiwa kwamba hana njia nyingine ila kununua mitambo yake mwenyewe, na amwone mwanasheria kwanza.

Inabaki hesabu ya fedha. Kampuni ya Marekani ya 37signals, iliyotangaza mwaka 2022 kwamba inaachana na wingu la kukodi, ililipa dola milioni 3.2 mwaka huo. Seva ilizonunua ziligharimu takribani dola 700,000. Mfano huo hutajwa sana, lakini husahaulika kwamba kampuni hiyo tayari ilikuwa na mafundi wake na nafasi ya kuweka mitambo, na kwamba kazi zake hazipandi na kushuka ghafla. Chama cha akiba na mikopo chenye miamala ileile mwezi hadi mwezi kinafanana nayo kwa hilo la mwisho. Duka la mtandaoni linalofurika wateja Desemba na kulala Februari halifanani nayo hata kidogo: litanunua seva za Desemba na kuzilipia umeme mwaka mzima.

Tena, kumiliki mitambo si kumiliki kila kitu. Broadcom ilipoinunua VMware mwishoni mwa 2023, ilisitisha uuzaji wa leseni za kudumu, na wateja wakatakiwa kulipa kwa vipindi. Waliodhani wamejenga nyumba yao wakajikuta wapangaji.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, swali gumu zaidi ni la watu. Umeme ukikatika saa nane usiku, jenereta ikagoma na viyoyozi vikazima, nani ataamka? Kampuni yenye fundi mmoja, ambaye pia ndiye anayetengeneza printa, bado haijafika huko. Hiyo inaweza kukodi seva katika kituo cha data kilichopo nchini, chenye walinzi na mafundi wa zamu, na nakala ya kumbukumbu ikawekwa ng'ambo. Mkongo ukikatika tena, nakala mpya zitachelewa kufika, lakini karani wa Kariakoo ataendelea kuuza.