KONA YA FAMILIA: Kadi kwa baba, sufuria kwa mama



Mwezi huu tunaongea juu ya talaka. Mtatuambia: nyie walimu vijana, ndoa mnaijulia wapi? Kweli, ndoa hatuijui sana, lakini watoto wenu tunashinda nao. Kuna mtoto mmoja wa darasa la tano, kila siku ya mgao haonekani shule. Tulipomuuliza akajibu: "Mwalimu, kadi iko kwa baba, sufuria iko kwa mama. Mimi ndiye natumwa."

Wazazi wake waliachana mbele ya wazee wa bloku. Wakaandika karatasi, wakaweka vidole, wakaona yamekwisha. Kumbe hayajaisha.

Karatasi ya bloku si talaka. Hata mahari ikirudishwa, si talaka mbele ya sheria. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 unasema ndoa tuliyofunga kule nyumbani iheshimiwe, na kwamba mkimbizi ana haki ya kwenda mahakamani katika nchi aliyokimbilia. Hapa Tanzania inatumika Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, na talaka inatolewa na mahakama.

Njia yenyewe ni hii. Kwanza, shauri linaenda Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Wazee wetu wanaweza kutupatanisha, na tunawashukuru, lakini ulizeni mapema kwa watu wa msaada wa kisheria ni baraza gani linalotambuliwa. Baraza likishindwa, linatoa hati ya kuonyesha limeshindwa. Kwa hati hiyo unafungua shauri, hata Mahakama ya Mwanzo inalipokea. Mahakama iko nje ya kambi, basi ombeni kibali cha kutoka kabla ya tarehe, msije mkakamatwa njiani. Ndugu zetu Waislamu, talaka ya mdomo nayo ipitie Baraza na mahakama ili itambulike.

Na yule mama ambaye bwana alimwacha, akapotelea Kongo au kwingine, hajui hata yuko wapi? Huyo sheria haimlazimishi kupitia Baraza kwanza. Aende akaeleze.

Kuhusu watoto, tunasikia sana maneno haya: "Nilitoa mahari, watoto ni wangu." Mahakama haianzi hapo. Mila inasikilizwa, lakini kitu cha kwanza ni faida ya mtoto. Mtoto wa chini ya miaka 7 huchukuliwa kwamba anafaa kukaa na mama, isipokuwa ionekane vingine. Mkubwa anayeweza kutoa mawazo yake, naye anasikilizwa. Na baba ana wajibu wa kuwatunza watoto hata wasipolala kwake.

Mali nayo, hata kama ni cherehani, baiskeli na mbuzi wawili, inagawanywa kwa kuangalia mchango wa kila mmoja. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani nazo ni mchango. Kwa hiyo mama aliyepika, akafua na kulea asiambiwe hakuleta kitu.

Juu ya kadi: msifiche, wala msimfute mwenzenu kwa hasira. Nendeni ofisi ya HCR na ya Wizara, mseme ukweli kwamba mmetengana na watoto wanalala wapi. Siku za safari ya nchi ya tatu, uongo wa leo ndio unaokwamisha faili. Mtoto hasafiri na mzazi mmoja bila kuulizwa habari za yule mwingine.

Neno moja zaidi. Kama nyumbani kuna kipigo, usikae kungoja kikao cha kupatanishwa. Nenda hospitali, nenda polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Hiyo ni kesi ya jinai, haimalizwi kwa jogoo na pombe ya wazee.

Yule mwanafunzi wetu? Wazazi wake hawajarudiana, na sisi hatukuwaomba warudiane. Wameanza kwenda Baraza. Lakini kabla ya yote walikubaliana jambo moja: siku ya mgao mama anachukua fungu la watoto yeye mwenyewe, baba yupo anashuhudia. Mwezi uliopita, siku ya mgao, mtoto alikaa darasani mpaka kengele ya mwisho.

Wazazi, mnaweza kuachana nyinyi wawili. Mtoto msimwachanishe na shule. Wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia.

Mwezi ujao tutaongea juu ya vyeti vya kuzaliwa. Maswali yenu yaleteni shuleni, hata bila jina. Kaeni salama.

Ni sisi walimu wenu wa kujitolea.