Kagando ilianza na wagonjwa wa ukoma, isiishie kwa wenye fedha

Juni 2019 familia moja iliyotoka Kongo ilivuka mpaka wa Uganda upande wa Bwera ikiwa na mtoto mgonjwa wa miaka mitano. Ilimpeleka Kagando, hospitali ya kanisa iliyoko Kisinga, wilayani Kasese. Wahudumu wa pale walimtazama mtoto, wakashuku Ebola, wakatoa taarifa, naye akahamishiwa kwenye kitengo maalumu katika hospitali ya serikali ya Bwera. Juni 11 vipimo vikathibitisha. Mtoto alifariki, bibi yake akamfuata, na mdogo wake wa miaka mitatu alirudishwa Kongo akafia huko. Ng'ambo ya mpaka mlipuko huo uliua zaidi ya watu 2,200 kati ya 2018 na 2020. Ndani ya Uganda, familia ile haikumwambukiza mtu mwingine yeyote.

Nchi iliokoka kwa sababu nyingi: chanjo ya wahudumu wa afya, ukaguzi wa mipakani, mafunzo ya miezi kadhaa. Lakini iliokoka pia kwa sababu mlango wa Kagando ulikuwa wazi, na watu wa pande zote mbili za mpaka wanaufahamu. Mlango huo una historia, na historia hiyo inatudai.

Kagando ilifunguliwa mwaka 1965 na Africa Inland Mission, shirika ambalo wakati huo lilikuwa limetimiza miaka 70. Mwanzilishi wa shirika hilo, Peter Cameron Scott, mzaliwa wa Glasgow aliyehamia Marekani, alishuka Mombasa Oktoba 1895 na kundi dogo la wamisionari, dada yake Margaret akiwamo. Alikusudia kujenga mlolongo wa vituo kutoka pwani hadi Ziwa Chad, na kazi ya vituo hivyo ilikuwa kuhubiri Injili mahali ambapo haijafika. Hakufika mbali. Desemba 1896 homa ilimuua huko Nzawi, Ukambani, kabla hajatimiza miaka 30.

Shirika lilimzidi umri. Lilijenga makao Kijabe, likaingia Tanganyika, mwaka 1912 likafika Kongo na mwaka 1918 West Nile. Nchini Uganda halikuanzisha kanisa lake kama lilivyofanya Kenya. Lilipatana na Church Missionary Society kwamba litafanya kazi ndani ya Kanisa la Anglikana. Ndiyo maana hospitali iliyofunguliwa na wamisionari hao leo ni mali ya Dayosisi ya Rwenzori Kusini.

Kagando ilianza kama kituo cha wagonjwa wa ukoma. Uamuzi huo ndio unaoeleza kusudi la shirika kuliko hati yoyote. Dawa ya dapsone ilikuwapo tangu miaka ya 1940, lakini mgonjwa alipaswa kuimeza kwa miaka mingi, na tiba ya kuchanganya dawa iliyofupisha safari hiyo ilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981 tu. Mfano ulikuwapo jirani. Katika kisiwa cha Bwama, Ziwa Bunyonyi, daktari Leonard Sharp alifungua makazi ya wagonjwa wa ukoma mwaka 1931. Huko Oicha, kaskazini mwa Beni, daktari Carl Becker wa Africa Inland Mission alijenga kambi iliyohudumia maelfu.

Kipimo cha ukoma hakikuhitaji mashine. Mhudumu huchukua kipande cha pamba, humwambia mgonjwa afumbe macho, kisha huigusisha pamba kwenye baka la ngozi lililopauka. Mgonjwa huonyesha kwa kidole mahali alipoguswa. Akikosa, mishipa ya fahamu imekwisha kuathirika. Ni kazi ya kukaa magoti kwa magoti na mtu ambaye mara nyingi ndugu zake mwenyewe walikwisha kumtengea sahani na kibanda. Hakukuwa na faida ya fedha katika kazi hiyo, wala sifa mjini.

Isidhaniwe kwamba wito wa kimisionari uliletwa na kubebwa na wageni peke yao. Miaka 69 kabla ya Kagando, Apolo Kivebulaya, Muganda, aliuvuka mto Semliki kwenda Mboga, ambayo sasa iko Kongo. Walimu wawili Waganda waliomtangulia walikuwa wamelazimika kuondoka kwa njaa baada ya chifu Tabaro kuwazuia watu wasiwape chakula. Apolo alipigwa, akafungwa, akaachiwa, akarudi kule kule. Alifariki Mei 1933, akiwa ameagiza kaburi lake lielekee magharibi, kwenye misitu ambako aliona kazi haijakwisha. Na hata Kagando, madaktari wa kigeni walikuja na kuondoka; waliobaki kwenye zamu za usiku ni wauguzi na wakunga wa nchi hii, wengi wao wakiwa wamefunzwa katika chuo cha uuguzi kilichomo ndani ya hospitali hiyo.

Historia hii ina doa lake pia. Injili iliwafikia Wakonzo, watu wa milima ya Rwenzori, kupitia ufalme wa Toro, na pamoja nayo ikaja lugha ya Rutooro kanisani na shuleni. Mtoto wa mlimani alijifunza kusoma na kusali kwa lugha ya wale waliomtawala. Kero hiyo ilikuwa miongoni mwa kuni zilizowasha vuguvugu la Rwenzururu la kujitenga na Toro mwaka 1962, likiongozwa na Isaya Mukirane, aliyekuwa mwalimu. Dayosisi ya Rwenzori Kusini ilizaliwa mwaka 1984, ikiongozwa na Askofu Zebedee Masereka, na tangu hapo kanisa likawa mikononi mwa watu wa huku. Kuwa mikononi mwa watu wa huku maana yake ni kwamba sasa hakuna wa kulaumiwa ng'ambo.

Ndipo tunapofika kwenye fedha.

Mwaka 2001 serikali ya Uganda ilifuta ada katika vituo vyake vya afya. Hospitali za makanisa hazikuweza kufanya hivyo. Hupata ruzuku ya serikali, lakini mishahara, dawa na mafuta ya jenereta vinahitaji zaidi, na pengo huzibwa na ada ya mgonjwa na michango ya wafadhili. Wafadhili nao si wa kutegemewa milele: Januari 2025 Marekani ilisitisha misaada yake ya nje, na huduma za VVU katika hospitali nyingi za makanisa zikatikisika mara moja. Huku Kasese mzigo uliongezeka tangu Mei 2020, Mto Nyamwamba ulipofurika na kuiharibu hospitali ya Kilembe. Chini ya shinikizo hili ni rahisi kwa hospitali ya kanisa kuanza kupanda bei kidogo kidogo, kupanua wodi ya kulipia, na kumwacha mama wa mlimani ahesabu sarafu zake nje ya geti.

Wapo wanaosema mmisionari kazi yake ni kuhubiri, matibabu ni ya serikali. Wengine wanashuku kwamba dawa ilikuwa chambo cha kuwavutia watu kanisani. Hoja zote mbili zinavunjwa na Kagando yenyewe. Wamisionari waliofika kuhubiri walikuta watu waliotengwa, na hawakuona namna ya kuhubiri upendo huku wakiwapita. Na mtoto aliyepelekwa pale Juni 2019, ingawa alitoka ng'ambo ya mpaka, alipokelewa.

Njia zipo. Hospitali ya Kisiizi, iliyoko Rukungiri na ya kanisa hilo hilo, ilianzisha bima ya afya ya jamii mwaka 1996 kwa kutumia vikundi vya engozi, wale majirani wanaobebana kwa machela kushuka milimani mtu akiugua. Familia huchangia kidogo kidogo, na siku ya ugonjwa hawauzi mbuzi wala shamba. Wakonzo wana milima ile ile na moyo ule ule wa kubebana. Serikali kwa upande wake ina deni: muswada wa bima ya afya ya taifa ulipitishwa na Bunge Machi 2021 lakini haukutiwa saini kuwa sheria.

Basi dayosisi itenge fungu la wasio na uwezo na kutangaza hesabu yake hadharani kila mwaka, kanisani na redioni, ili kila mkulima wa kahawa aliyechangia ajue shilingi yake imemtibu nani. Wabunge wa Kasese wadai ruzuku ipimwe kwa idadi ya maskini wanaohudumiwa. Na waumini, kuanzia Bwera hadi Kilembe, waache kungoja barua kutoka Uingereza au Marekani. Waanzishe vikundi vyao vya bima msimu huu wa mavuno, wakati fedha ya kahawa bado iko mfukoni.