TAHARIRI: Nyumba ya Kuku Si Ghala



Kuku wa chama wamekwisha. Hilo kila mtu analijua, hata watoto wanalizungumza kisimani. Lisilosemwa waziwazi ni sababu, na kwa kuwa mkutano mkuu ni Jumamosi hii, sisi wa gazeti la ukutani tumeona tuliseme mapema kabla watu hawajaanza kushutumiana.

Yako maneno matatu yanayozunguka vilabuni. La kwanza, eti kuku wamepigwa jicho. La pili, eti ni mdondo. La tatu, na hili ndilo baya, eti mama aliyekuwa akiwahudumia ni mzembe, ndiyo maana Kamati imeanza kumkata posho. La kwanza hatulijibu. La pili tunalijibu: mitetea walipata chanjo ya mdondo, tone moja kwenye jicho, kila mmoja, na wengi wetu tulikuwapo tukiwashika. Bwana Mifugo alipowapasua wawili kati ya waliokufa alikuta matumbo yamejaa damu. Akasema ni kuhara damu, ugonjwa unaostawi kwenye matandazo yaliyolowa na mahali penye msongamano. Na la tatu: mama huyo alitueleza mapema, mvua zilipoanza tu, kwamba mle ndani kunanuka mpaka macho yanamchoma. Tulimjibu nini? Tulimwambia afagie.

Basi tusidanganyane. Kuku wetu wameuawa na nyumba. Na nyumba ile tuliijenga sote, na siku ya kuifungua gazeti hili hili liliandika kwamba ni jengo la fahari. Tulikosea. Tuliangalia matofali na kufuli, hatukumwangalia kuku.

Ilikuwaje? Tuliogopa wezi. Kila aliyesimama mkutanoni alisema "imara, imara", na fundi akatujengea kitu imara anachokijua, yaani ghala. Kuta nzima mpaka juu, matundu mawili madogo karibu na paa, mlango mmoja wa mbao nzito. Mahindi yangekaa humo raha mustarehe. Lakini gunia la mahindi halipumui wala halikojoi. Kuku anapumua usiku kucha, kinyesi chake kina maji mengi, na unyevu wote huo lazima utoke. Usipotoka unarudi kwenye matandazo, matandazo yanaoza, ndipo inapotoka ile harufu ya kuchoma macho. Harufu hiyo ikimchoma mtu aliyesimama, jamani, huyo kuku aliyeweka pua chini hapo hapo yuko katika hali gani?

Isitoshe, tuliielekeza vibaya. Ubavu wake mrefu unatazama machweo, hivyo tangu saa tisa alasiri ukuta na bati vinakula jua mpaka magharibi. Kuku hatoki jasho. Akizidiwa na joto hupanua mdomo, hushusha mabawa na kutweta, na wengi tuliwaona hivyo tukasema wana kiu. Nyumba ya kuku huku kwetu huwekwa urefu wake toka mashariki hadi magharibi, ili jua lipite juu ya paa badala ya kuingia ubavuni.

Halafu idadi. Nyumba ina mita 8 kwa 5, yaani mita za mraba 40. Tuliweka vifaranga 400. Siku ya kwanza vilionekana vichache, hata mzee mmoja akasema tuongeze! Lakini kifaranga hukua. Kuku mkubwa wa mayai anayekaa ndani anataka nafasi ambayo mita moja ya mraba inatosha kuku 5, wakizidi sana 6. Kwa hiyo nyumba ile ni ya kuku 200. Wale wengine 200 walikuwa wageni waliokosa kitanda tangu mwanzo.

Sasa tumesikia Kamati inataka kununua vifaranga wengine na kuwaweka mle mle, ila kufuli libadilishwe liwe kubwa zaidi. Tunapinga. Maoni yetu ni haya: jengo lile liwe ghala la alizeti, maana ni ghala hasa, na nyumba ya kuku ijengwe upya kwa vitu tulivyo navyo.

Ukubwa ubaki ule ule, mita 8 kwa 5, wapungue kuku. Sakafu inyanyuliwe kama futi moja kwa udongo wa kichuguu ulioshindiliwa, na mfereji uzunguke nje. Ukuta wa udongo uishie futi 2 tu, usawa wa goti na kidogo. Kuanzia hapo kwenda juu ni wavu wa waya, wenye matundu madogo ambayo kicheche hapenyi. Anayeogopa mwizi apigilie mabanzi juu ya wavu, yapishane kiganja kimoja. Hewa itapita na mtu hatapita. Paa la nyasi nene lina ubaridi kuliko bati, nalo litokeze nje ya ukuta mita moja nzima ili mvua ya upepo isifike ndani. Kuta zikandikwe vizuri na kila ufa uzibwe, kwa sababu utitiri na viroboto huishi kwenye nyufa.

Wako watakaouliza habari ya baridi na ule upepo wetu wa Singida. Magunia yapo. Yashonwe pamoja, yafungwe chini kwenye ukuta mfupi, na jioni yapandishwe kutoka chini kwenda juu upande wa upepo, pale juu kabisa paachwe wazi shibiri moja au mbili. Msiyashushe kutoka juu kama pazia la sebuleni, mtakuwa mmerudisha ghala.

Ndani ni hesabu ndogo. Kila kuku shibiri moja ya kulalia juu ya fito, kwa hiyo fito za jumla ya mita 40 hivi. Kiota kimoja kwa kuku 5, viota 40, viwekwe penye giza kidogo. Maranda ya seremala yamwagwe unene wa kiganja, yapinduliwe mara kwa mara, na yaliyolowa kando ya vyombo vya maji yatolewe siku hiyo hiyo. Mlangoni liwepo beseni la maji ya dawa ya kukanyaga, na sisi viongozi na wageni wetu tukanyage pia.

Na mahali. Lile jengo tulilificha nyuma, pasipo nyumba ya mtu, halafu tukashangaa kuogopa wezi. Safari hii iwe karibu na kwa mlinzi, upande ambao upepo hautapeleka harufu kwa majirani.

Wazee wetu walilala na kuku ndani ya tembe, na kuku wa Singida wakajulikana mpaka Dar es Salaam, wanafika huko katika matenga juu ya mabasi. Kweli. Lakini wale walikuwa kumi au kumi na tano, na mchana kutwa wako nje wakijitafutia. Mia mbili waliofungiwa ni jambo jingine.

Kuhusu gharama: nguzo, fito, nyasi na udongo ni jasho letu. Cha kununua ni wavu, misumari na bawaba za mlango.

Jumamosi tutaomba mambo mawili yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Kwanza, posho ya yule mama irudishwe yote, naye aulizwe mbele ya wote aliyoyaona mle ndani. Pili, fedha za vifaranga zisiguswe mpaka nyumba mpya isimame. Tumekwisha pigilia vijiti kwenye kiwanja kando ya nyumba ya mlinzi, mita 8 kwa 5, ubavu mrefu ukitazama kaskazini. Piteni mkaone kabla ya mkutano, na mwenye kamba ya kupimia aje nayo ahakikishe.