Urithi wa wakuu wa Kenya Airways: Mwenye hisa apime deni, asihesabu ndege

FEDHA za korosho na ufuta zikishafika Mtama, hazikosi pa kwenda. Kuna bati, kuna ada za shule, kuna pikipiki na kuna mtaji wa msimu ujao. Wapo pia wafanyabiashara wanaotenga kiasi kidogo kwa ajili ya hisa. Kwa hao, habari za Kenya Airways si za Wakenya peke yao. Hisa za shirika hilo ziliorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2004, na tangu hapo mwenye duka kando ya barabara ya Mingoyo hadi Masasi aliweza kuwa mmoja wa wenye shirika bila ya kuvuka Namanga.

Wakuu waliopita wa shirika hilo wamekuwa wakipimwa kwa mizani moja tu. Husemwa kwamba Titus Naikuni alilikuza kisha likamponyoka, kwamba Mbuvi Ngunze alishindwa kazi, na kwamba Sebastian Mikosz alilifikisha New York. Hukumu hizo zinatokana na kuhesabu ndege na safari. Mizania ikifunguliwa, hukumu inabadilika, na anayenyanyuka ni yule aliyelaumiwa zaidi.

Jambo hili linaeleweka vizuri katika vyama vya msingi vya ushirika. Mwenyekiti anayenunua lori mwaka ambao korosho ina bei hupigiwa makofi. Anayemfuata hukuta bei imeshuka na benki inadai. Huyo ndiye anayeuza lori, na ndiye anayeitwa mharibifu.

Kenya Airways ilianzishwa mwaka 1977 baada ya East African Airways kuvunjika. Mwaka 1996, ikiongozwa na Brian Davies, ilibinafsishwa. KLM ya Uholanzi ilichukua asilimia 26, na wananchi wakauziwa hisa kwa shilingi 11.25 za Kenya kila moja. Naikuni alishika usukani Februari 2003. Katika mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2006 shirika lilipata faida ya takribani shilingi bilioni 4.8 za Kenya, na mwaka huo bei ya hisa ilivuka shilingi 100. Aliyenunua mwaka 1996 na kuuza wakati huo alijenga nyumba.

Lakini dalili zilikuwepo. Mwaka ulioishia Machi 2009 ulileta hasara ya zaidi ya bilioni nne, kwa sababu ya mikataba ya kununua mafuta kwa bei iliyofungwa mapema, kisha bei ya dunia ikaporomoka. Pamoja na hayo ulibuniwa mpango mkubwa ulioitwa Mradi wa Mawingu, wa kuongeza ndege na vituo kwa wingi katika muda wa miaka kumi. Mwaka 2012 wanahisa waliombwa wachangie bilioni 20.7 kwa kununua hisa za nyongeza za shilingi 14. Zilipatikana bilioni 14.5.

Hapo ndipo soko lilipotoa jibu lake. Wenye mali walipoacha karibu theluthi moja ya hisa bila ya kununuliwa, walikuwa wanasema mpango ni mkubwa kuliko mfuko. Mwaka uliofuata hesabu zilionyesha hasara ya bilioni 7.9. Hata hivyo ndege zilizoagizwa ziliendelea kuja, na Boeing 787 ya kwanza ilitua Nairobi Aprili 2014.

Haki itendeke: Naikuni hakusababisha moto wa uwanja wa Jomo Kenyatta Agosti 2013, wala shambulio la Westgate mwezi uliofuata, wala Ebola ya mwaka 2014 iliyosimamisha safari za Freetown na Monrovia. Tena aliacha Jambojet, kampuni tanzu ya nauli nafuu iliyoanza kuruka mwaka 2014 na ikadumu. Lakini mpango usioacha nafasi ya mwaka mbaya ni mpango mbovu hata kama mwaka mbaya haujafika. Aliondoka Novemba 2014. Hesabu za Machi 2015 zilionyesha hasara ya bilioni 25.7.

Watu wa Lindi wana mfano wao wa karibu. Mradi wa karanga wa Waingereza, uliofika hadi Nachingwea, ulianza mwaka 1947 kwa matrekta na makadirio makubwa. Ulifutwa mwaka 1951 baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Reli iliyojengwa kwa ajili yake ilikuja kung'olewa, na kilichobaki na faida kwa wananchi ni bandari ya Mtwara. Mradi mkubwa haupimwi siku ya kuzinduliwa. Hupimwa siku mizigo inapohesabiwa.

Ngunze aliikuta Kenya Airways siku hiyo ya kuhesabu. Alipokea kazi Desemba 2014 na hakuwa na jema la kutangaza. Ndege tatu kubwa aina ya Boeing 777 zilikodishwa kwa Turkish Airlines, na 787 mbili kwa Oman Air. Nafasi ya kutua Heathrow, London, iliuzwa. Wafanyakazi walipunguzwa, na chama cha marubani kikataka ang'oke. Hasara ya mwaka ulioishia Machi 2016 ilifika bilioni 26.2, nayo ikaandikwa kwa jina lake. Ila mwaka uliofuata hasara ilishuka hadi bilioni 10.2, na uendeshaji wenyewe ukarudi kwenye faida ndogo. Alipoondoka mwaka 2017 hakuna aliyempigia makofi, ingawa ndiye peke yake kati ya hao watatu aliyekabidhi mwelekeo bora kuliko aliokabidhiwa.

Mikosz, aliyewahi kuongoza shirika la ndege la Poland, LOT, alianza kazi Juni 2017. Oktoba 2018 safari ya moja kwa moja ya Nairobi hadi New York ilizinduliwa kwa shamrashamra. Hasara ya mwaka 2018 ilikuwa bilioni 7.6, na ya mwaka 2019 ilikuwa bilioni 13. Mwisho wa mwaka huo aliondoka, mkataba wake ukiwa haujaisha.

Kilicho kikubwa zaidi kwa msomaji wa ukurasa huu hakikupigwa picha nyingi. Novemba 2017 madeni yaligeuzwa kuwa hisa. Serikali ya Kenya ilipanda hadi asilimia 48.9, mabenki yakapata 38.1, na KLM ikashuka hadi 7.8. Wengine wote, wafanyakazi wakiwemo, walibakiwa na asilimia tano na ushei, wakati kabla ya hapo wasiokuwa Serikali wala KLM walishika zaidi ya 40. Hiyo ndiyo ankara ya Mradi wa Mawingu, na mwenye hisa mdogo ndiye aliyeilipa. Halafu Julai 2020 biashara ya hisa hizo ilisimamishwa, ikafunguliwa Januari 2025. Kwa miaka minne na nusu mwenye shida ya ada au matibabu hakuweza kuuza hata hisa moja.

Allan Kilavuka, aliyepokea kazi mwaka 2020, alitangaza faida ya bilioni 5.4 kwa mwaka 2024, ya kwanza baada ya zaidi ya miaka kumi. Faida hiyo ilisaidiwa sana na kuimarika kwa shilingi ya Kenya. Nusu ya kwanza ya mwaka 2025 ikaleta hasara ya bilioni 12.2. Mwaka mmoja mzuri hautoshi kuandika urithi wa mtu.

Somo hili linaihusu Air Tanzania pia. Ladislaus Matindi, aliyeiongoza kuanzia 2016 hadi 2024, alikuta shirika limekaribia kufa na akaliacha na ndege nyingi, zikiwemo 787. Ndege hizo zilikuwa mali ya wakala wa Serikali, na shirika lilizikodi. Kwa mwaka 2023/24 Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alionyesha hasara ya shilingi bilioni 91.8 za Tanzania. Hapa hakuna mwenye hisa mdogo, ila yupo mlipa kodi.

Kwa hiyo mwenye kufikiria kununua hisa za shirika lolote na aulize maswali matatu kuhusu mkuu aliyeondoka. Alikuta deni gani? Aliacha deni gani? Na tofauti yake ililipwa na nani? Majibu yote matatu yamo katika hesabu zilizokaguliwa, ambazo kampuni iliyoorodheshwa hulazimika kuzitangaza. Asiyeweza kuzisoma amtafute dalali wa hisa amsomee. Mnunuzi wa ufuta hukubali kupoteza dakika kumi kupima unyevu kabla ya kulipa, na hisa nazo zinastahili dakika hizo kumi.