"Hatukuona Kitu" Si Jibu

Mpwa wangu alipokuwa na miezi 5, bibi yake alimbusu shavuni, akanyamaza kidogo, akasema, "Mbona huyu mtoto ana chumvi?" Tukacheka. Mama ni mtu wa Tanga, tukamwambia ameikumbuka bahari. Ilikuwa Jumapili, sebuleni kwa dada yangu hapa Sandton, pilau imeiva, hakuna aliyetaka habari za hospitali.

Lakini mtoto alikuwa anakohoa kila wiki. Anakula vizuri, kilo haziongezeki. Wa kwanza akasema ni mafua tu, wa pili akapima TB, hamna. Daktari wa tatu ndiye aliyetaja sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaojaza ute mzito kwenye mapafu na kongosho, na jasho likawa na chumvi nyingi. Shemeji yangu, mtu wa Limpopo, akashangaa: "Huo si ugonjwa wa Wazungu?"

Kipimo cha jeni kikarudi na kasoro moja, ya upande wa baba. Ili mtoto augue, lazima nakala zote mbili za jeni ziwe na kasoro, ya baba na ya mama. Upande wetu hawakuona kitu, kwa hiyo karatasi ikasema mtoto ni mbebaji tu. Tukapumua. Tulikaa hivyo miezi 4, naye anakohoa tu, mpaka daktari akaagiza kipimo cha jasho. Jasho halikudanganya: mtoto ni mgonjwa.

Sasa nataka tuelewane, watu wangu, kwa sababu hili linatuhusu sisi tuliozaliwa huku kuliko tunavyofikiri. Kipimo kinaposema "hatukuona kitu", uliza: mlitafuta wapi?

Wanaosikiliza podikasti yetu mnajua tunavyofanya kazi. Tunarekodi saa moja na nusu, halafu mhariri anakata vikohozi, simu zilizolia na porojo zangu, anaunga vipande vizuri, nyinyi mnapata dakika 40. Mwili nao hufanya hivyo. Jeni hunakiliwa kwanza kuwa RNA ndefu, kisha chembe hai hukata sehemu zisizo na maagizo ya protini, ziitwazo introni, na kuunga zile zenye maagizo, eksoni. Jeni ya ugonjwa huu, CFTR, ina herufi karibu 190,000. Baada ya kukata na kuunga zinabaki kama 6,000.

Mkasi unajuaje pa kukata? Kuna alama. Karibu kila introni huanza na herufi G na T, na huisha na A na G. Kasoro ya shemeji inaitwa 3120+1G>A. Jina linatisha, maana yake ni rahisi: herufi ya kwanza kabisa ya introni, iliyopaswa kuwa G, imekuwa A. Maagizo yenyewe hayajaguswa hata herufi moja. Ila mkasi umekosa alama, RNA inaungwa vibaya, na protini kamili haitengenezwi.

Halafu kuna zilizojificha zaidi. Katika jeni hiyohiyo kuna kasoro moja inayojulikana iliyo zaidi ya herufi 10,000 ndani ya introni, mbali na eksoni yoyote. Yenyewe haifuti alama, inatengeneza alama bandia, na kipande cha takataka kinaungwa katikati ya maagizo. Vipimo vingi hukagua eksoni na kingo zake tu, au orodha fupi ya kasoro zinazojulikana. Aliyejificha ndani hivyo hapatikani.

Na orodha hizo zimeandikwa kwa kuwatazama akina nani? Jeni hii iligunduliwa 1989, na kasoro ya kwanza kuandikwa, F508del, ndiyo inayoongoza kwa watu wa asili ya Ulaya. 3120+1G>A ilijulikana kwa sababu kuna watu waliamua kuwapima wagonjwa weusi. Mwaka 1999 watafiti wa hapa Johannesburg, akiwemo Michèle Ramsay wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, walionyesha kwamba karibu mtu 1 kati ya 91 miongoni mwa weusi wa Afrika Kusini anaibeba. Mtu 1 kati ya 91! Huo ni ugonjwa wa Wazungu kweli?

Upande wa shemeji ulipata bahati ya kutafutwa. Upande wetu wa Tanga, bado. Mwaka 2020, mradi wa H3Africa ulichapisha matokeo ya kusoma jenomu nzima za Waafrika 426, wakakuta tofauti zaidi ya milioni 3 ambazo hazikuwa zimeandikwa popote. Nyingi hazina madhara. Lakini utazitambuaje zenye madhara kama hujawahi kuziona?

Kuna watakaosema, ugonjwa umeshajulikana, mtoto atibiwe, herufi za nini? Hapana. Trikafta, dawa iliyobadilisha maisha ya wagonjwa wengi, hurekebisha protini iliyojikunja vibaya. Kasoro ya baba haiachi protini kamili ya kurekebisha. Kwa hiyo tumaini la mpwa wangu kwa dawa hiyo liko kwenye ile nakala ya pili, ya upande wetu, ambayo hatuijui. Na mimi natarajia kufunga ndoa Desemba. Nikienda kupimwa kama naibeba, watanipima nini?

Hoja ya gharama naielewa. Nafanya kazi kwenye bima ya afya, na hizo hesabu nazipiga mimi. Kusoma jeni nzima pamoja na introni zake ni ghali kuliko orodha fupi. Lakini kulazwa mara kwa mara kwa mtoto asiyejulikana anaumwa nini nako kuna bili yake, na mapafu yakishaharibika hayarudi. Maoni yangu ni haya: dalili zikiwepo na jasho likathibitisha, bima na serikali zilipie kusoma jeni nzima, na ikibidi kupima RNA yenyewe kwa chembe zilizochukuliwa puani kwa brashi. Kwa mtoto mweusi, orodha fupi isiwe mwisho wa safari.

Na sisi tuna kazi yetu. Tukubali kushiriki kwenye utafiti, tukishaeleza tunachokubali na tunachokataa. Tuulize nyumbani: nani alifiwa na mtoto mchanga aliyekohoa, wakasema ni kifua? Mama alipoulizwa alitaja majina mawili. Sijawahi kuyasikia maisha yangu yote.

Siku hizi hatumcheki tena akisema mtoto ana chumvi. Yeye ndiye aliyekuwa kipimo cha kwanza, na hakutumia orodha ya mtu.

Una hadithi kama hii kwenu? Tutumie ujumbe wa sauti, kwa Kiswahili chako hichohicho cha kuungaunga.