Usiige mtindo wa Kariakoo kama uko Rungwe Mpya: hesabu siku za mzigo kwanza



Kuna ushauri unazunguka sana kwenye magrupu ya biashara: "Usiweke stoki. Tupia picha status, mteja akilipa ndipo ukachukue mzigo. Mtaji hauhitajiki." Wengine wanaufundisha mpaka kwa kulipia. Mimi nasema ushauri huo unamfaa mtu anayeweza kupanda bodaboda akafika Kariakoo na kurudi kabla chai haijapoa. Kwa sisi wa huku Rungwe Mpya, Kasulu na Kibondo, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, unaua biashara taratibu.

Sikatai kwamba mtaji ni mdogo. Nakataa kuiga mtindo bila kuhesabu. Na ili uhesabu, kuna maneno manne ya watu wa ugavi ambayo muuza duka wa kijijini anayahitaji kuliko hata bosi wa kiwanda. Ukiyaelewa, hutatishwa na mtu wa semina.

1. MUDA WA MZIGO
Hizi ni siku zote kuanzia unapotuma hela mpaka bidhaa iko mkononi mwako. Siyo siku za basi peke yake! Watu wengi wanakosea hapo. Mteja akiuliza "lini?", unamjibu "siku mbili", kwa sababu umehesabu safari tu. Umesahau siku ya mtu wako kuzunguka madukani kutafuta, siku ya kufunga, siku ya kusubiri gari lijae, na siku ya kuufuata mzigo mjini Kasulu mpaka ufike kwako. Siku mbili zinageuka sita, na wewe unaitwa tapeli wakati hujamwibia mtu hata mia.

2. AKIBA YA TAHADHARI
Huu ni mzigo unaobaki stoo kwa ajili ya siku mbaya: gari limeharibika, mvua imekorofisha njia, au wateja wamekuja wengi kuliko kawaida. Huu sio mzigo uliododa. Uliododa ni ule usiotakiwa na mtu. Akiba ni ile bidhaa inayotoka kila siku, ila umeamua isikuishie.

3. KIWANGO CHA KUAGIZA
Hii ni idadi ambayo ukiifikia stoo, unaagiza siku hiyo hiyo. Husubiri iishe. Tuchukue mfano wa chaja za simu. Tuseme unauza 3 kwa siku na mzigo kwa kawaida unachukua siku 6. Hapo utauza chaja 18 ukiwa unasubiri. Sasa fikiria wiki mbaya: wateja 4 kwa siku, mzigo unachelewa mpaka siku 9. Hapo unahitaji chaja 36. Tofauti ya 36 na 18 ni 18, na hiyo ndiyo akiba yako ya tahadhari. Kwa hiyo zikibaki 36, tuma oda. Kama zinanunuliwa 5,000 kila moja, akiba yako ni shilingi 90,000. Ni hela, ndiyo. Lakini sasa unajua ni kiasi gani na ya kazi gani, hubahatishi.

4. PANAPOKWAMA
Kila safari ya mzigo ina sehemu moja inayochelewesha kuliko zote. Usipoijua, utahama basi hili uende lile na bado utachelewa. Chukua daftari, kwa oda 5 zijazo andika tarehe tano: umetuma hela lini, mzigo umefungwa lini, umepakiwa lini, umefika mjini lini, umeushika lini. Pengo kubwa ndilo la kushughulikia. Unaweza kukuta basi halina kosa kabisa, tatizo ni mzigo kulala mjini siku tatu unasubiri siku ya gulio ndipo uupandishe. Hapo dawa ni kuongea na mtu wa bodaboda, sio kugombana na wakala wa basi.

Sasa najua kuna atakayesema: "Mbona makampuni makubwa duniani hayaweki stoki?" Mfano unaotajwa sana ni Toyota ya Japani. Kweli, bwana mmoja wa pale, Taiichi Ohno, ndiye anayesifiwa kwa kujenga mfumo wa kila kifaa kufika kiwandani pale tu kinapohitajika. Lakini angalia mazingira yake: wauzaji wake wengi wa vifaa wako jirani na viwanda vyake. Na hata hivyo, tetemeko na tsunami ya tarehe 11 Machi 2011 vilipokata mzunguko wa vifaa, viwanda vya Toyota nchini Japani vilisimama. Baada ya hapo kampuni ikawataka wauzaji wa vifaa muhimu, kama vile chipu za elektroniki, wawe na akiba ya miezi kadhaa. Yaani hata aliyetufundisha kutoweka stoki aliweka akiba pale alipoona panauma. Wewe wa Kasulu unangoja nini?

Mfano wa nyumbani huu hapa. Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Jambo jema kwa ziwa. Sasa chukua watu wawili wanaouza dagaa wa Kigoma mtandaoni kwa wateja wa Dar na Mwanza. Wa kwanza anasubiri oda ndipo akatafute dagaa. Wa pili anajua anauza kilo 2 kwa siku, na kufungwa ni kama siku 92, hivyo mahitaji yake ni kilo 184. Hata akimudu kukusanya nusu tu, dagaa waliokaushwa vizuri na kuhifadhiwa pakavu, bado wateja wake watamkuta na kitu. Kwa huyu wa kwanza kinachobaki ni kuandika "mzigo umeisha, tutawajulisha." Na dagaa wakae kwa mpangilio: walioingia kwanza watoke kwanza, la sivyo wa chini ya gunia wataharibika wakati wa juu wanauzwa.

Sisemi ujaze stoo kila kitu. Hapo utalia. Gawa bidhaa zako mafungu mawili. Zile zinazotoka kila siku (chaja, kava, sabuni, madaftari shule zikifunguliwa) weka stoki na akiba. Zile za mtu mmoja mmoja, kama gauni la harusi au viatu vya saizi ngumu, hizo agiza mteja akishalipa, na mwambie siku za kweli. Ukimwambia siku 9 akapokea siku ya 7, atakusifia kwa jirani. Ukimwambia siku 2 akapokea siku ya 6, atakusema gulio zima. Mzigo ni uleule, gari ni lilelile.

Na kalenda ya huku usiisahau: sikukuu, shule kufunguliwa Januari, na watu wanapouza maharage yao. Kipindi hicho zile chaja 3 kwa siku zinaweza kuwa 6, kwa hiyo kiwango cha kuagiza nacho kipande. Msimu ukiisha, kishushe, mtaji usilale.

Mtu wa mjini ana soko karibu, ndiyo akiba yake. Sisi soko liko mbali, kwa hiyo akiba lazima ikae kwetu stoo na hesabu ikae kwenye daftari. Mteja wa kijijini ana shilingi chache na anajuana na kila mtu. Ukimpoteza yeye umepoteza ukoo mzima.

Kazi ya wiki hii ni ndogo: chagua bidhaa yako MOJA inayotoka sana, hesabu muda wake wa mzigo kwa tarehe, sio kwa kukisia. Halafu njoo utuambie kwenye komenti: uko wapi, unauza nini, na mzigo wako unachukua siku ngapi kweli kweli?