Fumbwa haina ua

Mwezi huu swali limetoka kwa mtoto wangu wa darasa la sita. Karibu na kanisa letu iko misonobari mitatu, ile ambayo watu wanaiita sapini. Aliokota koni moja kavu, akaja nayo nyumbani: "Baba, hii ni tunda?" Nikamjibu upesi, kama sisi wazazi tunavyozoea: "Ndiyo, ni tunda, na ua lake lilikwisha kuanguka." Kwa maneno hayo machache nilikosea mara mbili.

Chukua ganda la maharagwe. Ukilipasua, mbegu ziko ndani, zimefungwa vizuri. Ganda lile lilikuwa ndani ya ua, ni chumba kidogo cha mbegu. Ua likiisha kupokea ule unga wa manjano wa kiume, chumba kinakua na kuwa tunda. Sapini haina chumba hicho. Mbegu zinakaa mbili mbili juu ya kila gamba la koni, kama vikombe juu ya meza. Koni inaweza kujifunga na kuzificha, lakini hakuna tunda linalozizunguka. Na ua halikuwako hata siku moja.

Wataalamu wanaita mimea ya maua anjiosperma, na ile ya mbegu uchi jimnosperma. Ya kwanza ni aina karibu 300,000. Ya pili imepita 1,000 kidogo tu, ingawa ndiyo iliyotangulia duniani.

Lakini ua si lazima liwe la kupendeza macho. Mahindi ya bukari yetu nayo ni anjiosperma. Kila unywele wa hindi umefungwa kwa punje moja. Unywele usiopata unga wa kiume, mahali pake panabaki pengo. Mama anayekuta hindi lenye mapengo, mara nyingi sababu ni hiyo.

Jioni ile bibi yangu alipika fumbwa na karanga. Mtoto akafurahi: "Basi hii iko na maua, maana majani yake ni mapana kama ya sombe." Hata mimi ningeapa hivyo. Kumbe muhogo unaotupa sombe ni anjiosperma, na fumbwa ni ndugu wa sapini! Kile kitu chekundu kinachofanana na tunda kwenye fumbwa ni ngozi ya mbegu yenyewe. Tena fumbwa ya kiume ni mmea wake, na ya kike ni mwingine.

Hapo ndipo shida inapoanza. Muhogo, unakata kipande cha mti, unapanda, na baada ya miezi michache unachuma. Mbegu ya fumbwa inachelewa sana kuota, na wachumaji wengine msituni wanang'oa kamba nzima pamoja na mizizi. Huko Kameruni watu wamejifunza kuotesha vipande vya kamba yake. Hiyo ni kazi ya uvumilivu, si kama sombe ya nyuma ya nyumba.

Iko jimnosperma nyingine, hii ni ya kwetu kabisa, upande wa Kolwezi. Majani yake ni magumu, yanafanana na ya mchikichi mdogo, na koni zinatokea katikati. Wataalamu waliipa jina mwaka wa 1993 tu: Encephalartos schaijesii. Nayo ina mimea ya kiume na ya kike. Kama mashine zikichimba kilima na ya kike ikaondoka, ya kiume itaendelea kuota majani miaka na miaka, bila mbegu hata moja.

Si hadithi ya kutisha watoto. Ndugu yake wa Afrika Kusini, Encephalartos woodii, alionekana mwaka wa 1895 katika msitu wa Ngoye, naye ni wa kiume. Wa kike ametafutwa mpaka leo, hajaonekana. Yote iliyoko katika bustani za dunia imetokana na machipukizi ya yule mmoja.

Mtoto alinyamaza kidogo, akaacha kula. "Baba, na ile ya Kolwezi, ya kike imebaki ngapi?"

Safari hii sikumjibu upesi.